Pole Kutoka kwa Mtu Tusiyemjua

Wiki iliyofuata mazishi ya baba mdogo, mama mdogo alipigiwa simu na msichana mwenye sauti ya upole. Alimwita kwa jina lake kamili, akampa pole kwa msiba, akamtaja marehemu kwa jina la utani alilojulikana nalo, kisha akauliza kama watoto wamepata nguvu. Tulikuwa barazani, nyumbani kwake Wundanyi, katika milima ya Taita, mimi nikipanga risiti za kamati ya mazishi na yeye akichambua mboga. Alimjibu kama alivyokuwa akiwajibu wote waliopiga simu siku zile: alishukuru, akasema kazi ya Mungu haina makosa, akaeleza kwamba mtoto wa kwanza amesharudi kazini Mombasa na kitinda mimba anajiandaa kurudi shuleni. Aliwataja kwa majina. Aliitaja na shule.

Mazungumzo yalikuwa yamekolea ndipo msichana yule aliposema kwamba kampuni yake inatoa bima ya mazishi, na kwamba kwa malipo madogo ya kila mwezi mama angeweza kujiandikisha pamoja na watoto wake, ili likitokea jingine wasihangaike tena na michango.

Mama mdogo aliishusha simu sikioni, akanitazama. "Huyu ni nani?" aliniuliza.

Sikuweza kumjibu.

Tangu siku hiyo jambo hili limekataa kunitoka. Nimeliandika mara kadhaa na kulifuta, kwa sababu kila nilipodhani nimempata wa kulaumiwa, nilijikuta nimefika mahali ambapo lawama haikutosha.

Simu tulizozizoea, na hii moja

Simu na jumbe za kuuza vitu tumezizoea. Asubuhi ni kampuni ya kamari inayoahidi dau la bure, mchana ni viwanja, jioni ni mkopo uliokwisha kuidhinishwa bila mtu kuuomba. Hizo huzikata ukaendelea na shughuli zako, na kwa miaka mingi sikuziona kuwa zaidi ya kero.

Simu ya Wundanyi ilikuwa ya aina nyingine, kwa kuwa haikuanza na bidhaa. Ilianza na pole. Kwetu anayetoa pole huwa ameingia katika msiba, na mfiwa huwajibika kumpokea, awe anamfahamu vizuri au hamfahamu, kwa sababu msibani huja hata watu ambao marehemu peke yake ndiye aliyewajua. Msichana yule, au aliyemfundisha kazi, alifahamu kwamba mjane hawezi kumkatia simu mtu anayempa pole. Heshima ya mama mdogo ndiyo iliyotumiwa kumshikilia kwenye simu.

Usiku ule, wageni walipotawanyika, hakuzungumza kabisa kuhusu bima.

"Nilimshukuru," aliniambia. "Nilimwombea na baraka."

Shauri la mtu ambaye hajafiwa

Nilipowasimulia marafiki, shauri lao lilikuwa moja: asipokee nambari asizozijua. Mjane hawezi kulifuata shauri hilo. Katika miezi ya mwanzo maisha yake yote huendeshwa na nambari asizozijua. Inapiga ofisi ya pensheni, inapiga benki, anapiga karani wa sako, chama cha akiba na mikopo ambacho marehemu alikuwa mwanachama. Anapiga fundi aliyelipwa nusu kabla mwenye nyumba hajafariki. Anapiga mtu aliyeazimwa fedha na marehemu, akitaka kuzirudisha, na mwingine anayedai kwamba yeye ndiye aliyemwazima. Rafiki wa ujana anayefanya kazi Doha hupata habari zikiwa zimechelewa, naye hupiga akilia. Kutopokea simu kungemkinga mama mdogo dhidi ya wauzaji, na wakati huohuo kungemfungia nje ya mambo yote ambayo mumewe aliyaacha yakining'inia.

Zipo nambari fupi za kuzuia jumbe za matangazo, nazo husaidia kwa jumbe zinazotumwa kwa wingi kupitia mitambo ya kampuni za simu. Haziwezi kumzuia mtu anayepiga kwa laini ya kawaida, mmoja kwa mmoja, kama mtu yeyote mwingine.

Mpwa wangu alipendekeza programu ya kutambua anayepiga, akaiweka kwenye simu yake mwenyewe ili tuijaribu. Aliingiza nambari ya mama mdogo. Likatokea jina "Mama Kabeji Wundanyi". Ni kweli kwamba aliwahi kupeleka kabeji soko la Kongowea, miaka iliyopita, na bila shaka kuna mteja aliyemhifadhi hivyo. Mama mdogo hajawahi kujisajili popote katika programu hiyo, wala hakuwahi kuulizwa. Jina lake liliingia humo kupitia simu ya mtu mwingine aliyekubali kwa niaba yake bila hata kujua kwamba anakubali. Nilimwambia mpwa wangu aiondoe. Sikuona namna ya kumlinda mtu kwa kifaa kinachofanya kazi kwa kukusanya majina ya wasioombwa ruhusa.

Njia ambazo jina lingeweza kupita

Nilianza kufuatilia, na nakiri kwamba nilianza kwa hasira.

Hospitali ya Mombasa alikolazwa baba mdogo ilichukua jina na nambari ya mkewe kama jamaa wa karibu. Chumba cha maiti kilichukua tena. Getini hospitalini kulikuwa na daftari ambamo kila aliyekwenda kumjulia hali aliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na wodi anayokwenda, na kila aliyeandika aliweza kuwasoma wote waliomtangulia kwenye ukurasa huo. Tangu shambulio la kigaidi la Septemba 2013 kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi, tumezoea zaidi kukaguliwa na kuandikishwa milangoni, na ninaelewa sababu yake. Lakini sijawahi kumwona mtu akimwuliza mlinzi madaftari hayo yakijaa hupelekwa wapi, na siamini kwamba mlinzi mwenyewe ameambiwa. Yeye hupewa daftari na kalamu, basi.

Kabla ya madaftari ya getini kuenea tulikuwa na ya mawakala wa M-Pesa. Huduma hiyo ilipoanza Machi 2007 na kusambaa nchini, kila aliyeweka au kutoa fedha aliandikwa katika daftari lililokaa wazi kaunta: jina, kitambulisho, kiasi, sahihi. Mwezi Juni 2021, Wakenya wengi walipotazama kwenye mtandao wa serikali na kujikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, watu walianza kuyakumbuka madaftari yote waliyowahi kuandika maishani.

Na nambari ikishapatikana, kulipata jina si kazi. Kwa miaka mingi mtu yeyote aliyeingiza nambari kana kwamba anatuma fedha aliweza kuona jina la mwenyewe kabla ya kuthibitisha. Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, fedha zisipotelee kwa mtu asiyekusudiwa, na umeokoa watu wengi. Uliwafaa pia waliokuwa na orodha ya nambari tupu na kuhitaji majina ya kuzijaza.

Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba ni hospitali. Nilikuwa hata nimeanza kuandika barua.

Kisha nikakumbuka jina la utani.

Baba mdogo alifanya kazi bandarini, na huko alipewa jina ambalo halimo katika kitambulisho chake, wala katika kadi ya hospitali, wala katika kibali cha mazishi. Hakuna karani aliyeliandika. Msichana yule alilitaja kama mtu aliyelizoea. Jina hilo lilikuwa limeandikwa mahali patatu tu, na pote patatu palikuwa petu.

Karatasi tulizoziandika wenyewe

La kwanza ni tangazo la msiba, lile lenye picha ya marehemu, ratiba, na chini yake nambari ya kutumia michango. La pili ni kijitabu cha ibada, chenye wasifu. Anayetaka kujua familia yetu hahitaji kuiba chochote akishakipata kijitabu hicho: kina jina la mjane, majina ya watoto kwa mfuatano, wakwe, wajukuu, mahali pa kazi. Hatukuona ubaya wowote kukichapisha, kwa sababu hivyo ndivyo marehemu anavyopewa heshima yake. Zamani redio ya taifa ilisoma matangazo ya vifo, na familia nchi nzima zilinyamaza kusikiliza kama kuna jina wanalolijua. Kifo kwetu ni habari ya hadhara. Tunataka kijulikane, ili watu waje.

La tatu ni orodha ya michango, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Kila aliyewahi kuwa katika kamati ya mazishi anajua jinsi orodha inavyokua. Mweka hazina hupokea ujumbe wa fedha, hunakili jina, nambari na kiasi, huongeza chini ya orodha, kisha huituma upya kwenye kikundi cha WhatsApp ikiwa na jumla mpya. Jioni mwenyekiti huisoma kwenye kikao. Asiyeliona jina lake hulalamika mara moja, na ni haki yake, kwa kuwa fedha za msiba zimewahi kupotea katika mikono ya watu wanaoaminika. Kiungo cha kujiunga na kikundi hutumwa huku na huku na mtu yeyote mwenye nia njema: shemeji humtumia mwenzake wa kazini, mwenzake huyo hukiweka kwenye kikundi cha kanisa, na kufikia siku ya pili kuna mamia ya watu ambao hakuna mtu mmoja anayewajua wote. Aliyeingia huziona nambari za wote waliomo. Anaweza kuondoka usiku huohuo na orodha nzima, na hakuna atakayegundua.

Nambari ya mama mdogo ilikuwa juu kabisa, kando yake pameandikwa "mjane".

Aliyeandika hivyo alikuwa binamu yangu, na alifanya vile kwa upendo, ili walio mbali wajue nambari ya kumpigia kumpa pole. Walimpigia, wakampa pole, wakamtumia chochote walichoweza. Sehemu kubwa ya fedha zilizomfikisha marehemu kutoka Mombasa hadi Wundanyi zilitokana na orodha ileile ambayo, kwa kadiri ninavyoweza kuona, ndiyo iliyomfikisha pia muuzaji wa bima.

Jambo hili lilinivunja nguvu. Hospitali ningeweza kuishtaki. Nitaushtaki upendo wa binamu?

Sheria inapoanzia

Nilirudi kwenye sheria, safari hii bila kujua ninatafuta nini.

Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja waziwazi habari za familia kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ndiyo iliyoipa haki hiyo meno, na tangu Novemba 2020 kumekuwa na Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, ambaye ofisi yake imekwisha kutoza faini zilizosikika. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kupiga simu na kutuma jumbe za vitisho. Ninaitaja kesi hiyo kwa sababu waliosumbuliwa ni watu ambao nambari zao zilitolewa na wengine, kama ilivyokuwa kwa mama mdogo.

Kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Kulinda Data kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara isipokuwa kwa idhini yake ya wazi au kwa ruhusa ya sheria. Mpaka hapo nilifurahi. Kifungu cha 51, hata hivyo, kinaziacha nje ya sheria shughuli za mtu binafsi zilizo za kinyumbani tu. Sijui mtu ambaye angesema kuzika ndugu si jambo la nyumbani. Na ninashukuru kwamba sheria haikuingia matangani. Nisingependa kuishi katika nchi ambamo binamu yangu anahitaji kibali kuandika nani alichanga shilingi mia mbili. Lakini kuna jambo lingine katika kifungu cha 28, linalosema kwamba data inapaswa kuchukuliwa kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa mhusika mwenyewe ameiweka hadharani kwa makusudi. Niliwaza jinsi wakili wa kampuni angelisoma hilo mbele ya kijitabu chetu cha ibada kilichochapishwa kwa nakala tele.

Nililala na swali hilo. Je, tuliiweka hadharani?

Jibu nililolifikia, na ninalolishikilia, ni kwamba tuliiweka mbele ya watu kwa kusudi. Sheria yenyewe inalijua wazo hili, kwani kifungu cha 25 kinadai data ikusanywe kwa kusudi lililotajwa na isitumiwe kwa namna isiyopatana na kusudi hilo. Nambari ya mjane iliandikwa ili afarijiwe. Jina la utani liliandikwa ili waliofanya kazi naye bandarini wamtambue. Aliyeichukua nambari hiyo akampigia kumfariji aliitumia sawasawa hata kama hatumjui, na aliyeichukua akampigia kuuza aliitumia vibaya hata kama ni ndugu. Idadi ya watu walioiona haibadilishi kitu. Msiba ulio wazi kwa watu wote haujawa soko kwa sababu hiyo.

Nilipolifikia hilo, niliweza kuandika barua yenye mantiki.

Mtu anayeifahamu familia

Barua ilikwenda kwa kampuni ya bima, kwa jina la mama mdogo, naye aliiweka sahihi. Ilitumia haki zilizomo katika kifungu cha 26: kujua data yake inatumiwaje, kuiona, na kupinga isitumiwe. Tuliuliza mambo mawili: mnacho nini juu yake, na mlikipata kwa nani.

Jibu lilikuja, la adabu. Nambari yake ingeondolewa katika kumbukumbu zao. Kuhusu ilikotoka, waliandika kwamba wakala wao "alielekezwa na mtu anayeifahamu familia".

Nililisoma jibu hilo mara nyingi kuliko lilivyostahili. Mwanzoni nililiona kuwa njia ya kukwepa. Ndipo nilipozungumza na binti wa jirani yangu wa Mombasa, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kuuza bima baada ya kumaliza chuo, akaiacha. Alinieleza kwamba hawakuwa na mshahara, walilipwa kamisheni, na kwamba siku za mwanzo za mafunzo walipewa karatasi waandike majina ya kila mtu wanayemfahamu: ndugu, waumini wenzao, waliosoma nao, majirani, watu wa chama. Karatasi hiyo ndiyo mtaji wa kwanza. Ikiisha, msimamizi anakuuliza nani mwingine. Alisema wengi hurudi kwenye vikundi vyao vya WhatsApp, kwa kuwa humo nambari zipo tayari, na kwamba vikundi vya misiba vinajulikana kuwa na watu ambao kwa wakati huo wanakumbuka gharama za mazishi.

"Hatukuona kama ni kuiba," aliniambia. "Tuliambiwa tunawasaidia watu wetu."

Nilimwamini. Ninaamini pia kwamba bima ya mazishi si kitu kibaya. Nimekaa katika kamati zilizohangaika hadi usiku wa manane kutafuta fedha za gari la kubeba mwili. Lakini maneno yake yalibadilisha picha yote niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimemwazia mwizi, mtu wa mbali aliyeingia kikundini kwa kiungo kilichozagaa. Sasa ilinibidi nimwazie mtu aliyekuja matangani. Huenda alikaa kwenye viti vyetu, akala nasi, akachanga chake, akaliimba pambio, kisha Jumatatu akakabidhi karatasi yenye majina kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Nilimwendea mama mdogo na pendekezo la kulalamika kwa Kamishna. Nilimweleza kwamba malalamiko hupokelewa kwa maandishi na hata kwa mdomo, kwamba sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, kwamba anaweza kuniidhinisha mimi nimsemee, na kwamba faini inaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya kampuni kwa mwaka, kwa kutegemea kilicho kidogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama uchunguzi ungemtaja mtu aliyeipeleka nambari.

Nilisema huenda.

"Basi acha."

Nilimsihi. Nilimwambia kwamba kampuni ndiyo itakayolipa, si mtoto wa mtu. Kwamba bila malalamiko wataendelea kuwapigia wajane wengine. Kwamba kunyamaza kwetu ndiko kunakoifanya karatasi ile ya majina ionekane halali. Ninayaamini maneno hayo hadi leo. Alijibu kwamba mumewe amezikwa na watu, na hataki kujua ni yupi kati ya waliomzika aliyeuza nambari yake, kwa sababu akishajua atalazimika kuwa na la kufanya kila atakapokutana naye kanisani. "Wewe utarudi Mombasa," aliniambia. "Mimi naishi nao."

Sikubaliani naye, na sikulalamika. Nambari ni yake, na msiba ulikuwa wake.

Tarakimu tatu za mwisho

Mwezi uliopita binamu mwingine alilazwa, na kamati ikaitwa tena, safari hii ya gharama za matibabu. Nilikwenda nikiwa na pendekezo moja: mweka hazina aendelee kutuma orodha kila jioni, lakini aandike jina na kiasi tu, bila nambari za simu, na kiungo cha kikundi kitumwe na watu wawili waliochaguliwa.

Wazee walikataa, na hoja zao zilikuwa nzito. Katika ukoo wetu majina hujirudia. Wachangiaji watatu wanaweza kuitwa jina lilelile, na bila nambari hakuna atakayejua nani ametoa na nani bado. Mzee mmoja aliyewahi kuona fedha za harambee zikiliwa alisema orodha isiyo na nambari ni orodha ambayo mweka hazina anaweza kuibuni apendavyo. Mwingine aliuliza walio mbali watampataje mgonjwa. Sikuwa nimeyafikiria yote hayo kwa kina kilichostahili. Uwazi wa orodha ndio unaowafanya watu watoe, na nilikuwa nikiomba sehemu ya uwazi huo ipunguzwe kwa ajili ya hatari ambayo wengi wao waliihesabu kuwa simu tu ya kukatwa.

Tulijadiliana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana kwamba kila jina liandikwe pamoja na tarakimu tatu za mwisho za nambari, zinazotosha kuwatofautisha wenye majina yanayofanana, na kwamba nambari kamili zikae kwa mweka hazina na kwa mkaguzi mmoja aliyechaguliwa palepale. Anayetaka kumpata mgonjwa amwulize mmoja wao. Kuhusu kiungo cha kikundi tulishindwa kuafikiana. Kinaendelea kuzagaa, na anayeingia bado anaziona nambari za waliomo. Kuhusu kijitabu cha ibada hakuna aliyetaka hata kulizungumzia, maana mgonjwa yu hai.

Mama mdogo alikuwa ameketi karibu na mlango. Mweka hazina alipoanza kuandika upya orodha ya jioni ile, alimwambia kwamba kwake yeye aandike nambari nzima, kama zamani. Alisema kuna watu waliomfahamu mumewe ambao bado hawajapata habari, na kwamba wote waliokwisha kumpata walimpata kwa nambari hiyo.

Mweka hazina alinigeukia, akisubiri niseme neno. Nilimwambia aandike alivyoambiwa.